Ngoma, Mbiu na Simu: Kasoro ya Sitiari Moja katika Utafiti wa Mawasiliano Yasiyo na Waya

Katika maandishi ya kitaaluma yahusuyo simu za mkononi barani Afrika imezoeleka sitiari moja, nayo ni kwamba simu hiyo ni ngoma mpya isemayo. Sitiari hii ilipata nguvu mwaka 2009, pale Mirjam de Bruijn, Francis Nyamnjoh na Inge Brinkman walipoifanya kuwa jina la mkusanyiko wa makala waliouhariri, uliochapishwa na Langaa ya Bamenda pamoja na Kituo cha Taaluma za Afrika cha Leiden. Tangu hapo imeingia katika mihadhara na tasnifu, mara nyingi katika aya ya kwanza kabisa, na aghalabu haihojiwi. Msomaji wa Kisangani ana sababu ya pekee ya kuihoji. Ngoma isemayo inayofahamika zaidi katika taaluma ni ile ya Walokele, wavuvi na wachuuzi wa kando ya mto Kongo, ambao vijiji vyao huanza jirani na mji huu na kuendelea na mteremko wa mto hadi upande wa Isangi, pale Lomami inapoingia. Ikiwa sitiari hiyo ina ukweli, hapa ndipo mahali pa kuuona. Ikiwa ina kasoro, ni hapa hapa.

Kasoro ipo, wala si ndogo. Anayelinganisha simu na ngoma huvitazama vyombo viwili, kila kimoja kikipeleka habari mbali pasipo mjumbe wala waya, kisha hutangaza undugu kati yao. Lugha huichukulia kuwa mzigo uliowekwa ndani ya mtumbwi: mtumbwi ni uleule, ubebe samaki au mihogo. Lakini katika ngoma ya Walokele lugha si mzigo. Ni ubao mmojawapo wa mtumbwi wenyewe, na ukiung'oa mtumbwi unazama.

Aliyelithibitisha jambo hili ni John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kanisa la Kibaptisti aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, kituo cha misheni kilichoko chini ya mto kutoka mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1944 alichapisha makala juu ya lugha ya ngoma ya Walokele katika jarida moja la Johannesburg. Mwaka 1949 alitoa vitabu viwili, kimoja cha wataalamu kilichochapishwa Brussels na kingine chepesi kwa wasomaji wa kawaida. Mwaka 1971 aliandika tena katika Scientific American, na mwaka 1976 akachapisha makala kuhusu ngoma za mbao kama simu ya baina ya vijiji, safari hii katika jarida la wataalamu wa sayansi ya mbao. Ni nadra mtu anayejulikana kwa kazi za lugha kusomwa na mafundi wa mbao. Carrington alipita mpaka huo kwa sababu mada yenyewe haikumpa nafasi ya kubaki upande mmoja.

Chombo chenyewe ni gogo lililochongwa ndani hadi likawa tupu, likaachiwa mwanya mrefu wenye midomo miwili. Wengi mjini hulitaja kwa jina la Kilingala, lokole, jina ambalo halifai kuchanganywa na Walokele walio watu, wala na Kilokele kilicho lugha. Mdomo mmoja wa gogo hutoa sauti ya juu, na mwingine sauti ya chini. Kwa istilahi ya wapigaji wenyewe, ya juu ni sauti ya kike na ya chini ni ya kiume. Kilokele, kama lugha nyingi za eneo hili, ni lugha ya toni. Neno lisaka likitamkwa kwa toni ya chini katika silabi zote tatu ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Zikipanda mbili za mwisho, ni sumu. Carrington alitaja pia kauli moja ambayo, kwa kubadilisha toni tu, humfanya mtu aliyekuwa akiutazama ukingo wa mto awe amemchemsha mama mkwe wake. Mgeni asiyeijali toni alikuwa na hatari zaidi ya ile ya kuchekwa.

Ngoma haitamki konsonanti wala vokali. Hubakiza toni na mwendo wa mapigo, vingine vyote huachwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: songe, yaani mwezi, koko, yaani kuku, na fele, aina ya samaki, yote ni maneno ya silabi mbili za toni ya juu, na juu ya ngoma hayatofautiani hata kidogo. Ufumbuzi wa wapigaji ulikuwa kutolipiga neno peke yake. Kila neno limepewa kirai cha kudumu kinacholifuata: mwezi hupigwa pamoja na maneno ya kuitazama dunia kutoka juu, na kuku huongezewa kwamba ni yule mdogo mwenye mlio wake wa kiokio. Masikio hayapokei tena mapigo mawili yanayoweza kuwa chochote, bali mfuatano mrefu ambao katika hazina yote ya virai haufanani na mwingine. Gharama yake ni muda. Ujumbe wa ngoma huchukua yapata mara 8 ya muda wa kuusema kwa mdomo.

Kabla ya uchunguzi huu wageni wengi waliuona urefu huo kuwa mapambo, tabia ya watu wapendao maneno. Mwaka 1948 Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, alichapisha nadharia ya hisabati ya mawasiliano ambayo mitambo yote ya leo imejengwa juu yake. Nadharia hiyo ilipa jina na kipimo kile ambacho Walokele walikuwa wakikitenda. Jina ni ziada, yaani sehemu ya ujumbe isiyoongeza habari mpya bali humwezesha mpokeaji kuutambua ujumbe hata pale njia inapokuwa na kelele au inapopoteza vipande. Kwa hesabu ya Shannon, karibu nusu ya Kiingereza cha kuandikwa ni ziada ya namna hiyo. Simu ya mkononi nayo haiwezi kuishi bila ziada. Katika kiwango cha GSM, kwa usimbaji wake wa awali wa sauti, kila kipande cha usemi cha sehemu 20 za elfu za sekunde huwa biti 260, lakini kinachorushwa hewani ni biti 456. Zile za nyongeza ni kinga tu dhidi ya miti, mvua, kuta na umbali wa mnara.

Hapa ndipo ulipo undugu wa kweli wa ngoma na simu, na inasikitisha kwamba wanaoipenda sitiari ile hawaufikii. Hata hivyo undugu huo unaleta tofauti kubwa kuliko mfanano. Katika simu, ziada imefichwa ndani ya mtambo. Mzungumzaji haijui, hailindi, wala haihitaji. Kwa Walokele ziada ilihifadhiwa katika lugha, midomoni mwa watu. Aliyejifunza kupiga ngoma alijifunza kwa pamoja fasihi na uhandisi, kwa maana virai vile ni semi za kale zenye sura ya sanaa na wakati huohuo ni kinga dhidi ya kelele. Kizazi kikiacha kujifunza virai, ngoma yenyewe inanyamaza ingawa gogo halina ufa. Si hivyo kwa simu.

Katika vitabu vinavyosomwa sana, aliyeelewa sehemu hii vizuri zaidi ni James Gleick, mwandishi wa Marekani, ambaye sura ya kwanza ya kitabu chake cha 2011 juu ya historia ya habari inawahusu Walokele na Carrington. Anaeleza ziada kwa ufasaha, na anaonyesha kwa haki kwamba jambo waliloligundua wahandisi kwa hesabu lilikuwa likitendwa mtoni kwa masikio. Lakini Walokele wake ni utangulizi. Sura ikiisha wanatoweka, na habari inaendelea Ulaya na Marekani kana kwamba mto ulikauka. Mwishoni mwa sura hiyo anadokeza kwamba wapo watu ambao njia yao ilitoka moja kwa moja kwenye ngoma hadi simu ya mkononi, pasipo hatua za katikati. Dokezo hili limependwa mno na watafiti wa teknolojia kwa kuwa linaleta picha nzuri ya kuruka. Kwa nchi ya Walokele, si kweli.

Hatua za katikati zilikuwepo, na nyingine zilipita juu ya vichwa vyao mapema kuliko ilivyokuwa katika vijiji vingi vya Ulaya. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mhandisi Robert Goldschmidt, kwa msaada wa mfalme Albert wa Ubelgiji, alijenga mfululizo wa vituo vya telegrafu isiyo na waya kutoka mlango wa mto hadi Katanga, na Stanleyville ilikuwa na kituo chake. Yeye na Raymond Braillard waliieleza kazi hiyo katika kitabu cha mwaka 1920. Sababu za kuchagua mawimbi badala ya waya zilikuwa za hapa hapa: msitu, mvua, na urefu wa njia usiolindika. Ikafuata redio. Mwaka 1964, waasi wa Simba walipoushika mji, kituo cha redio cha Stanleyville kilikuwa silaha yao mojawapo hadi askari wa Ubelgiji waliposhuka kutoka angani tarehe 24 Novemba. Kisha zilikuwepo zile redio za kupokezana ambazo watu wa mashariki ya Kongo huziita foni, za misheni, za mashamba na za wafanyabiashara, ambapo mtu aliposema neno, nusu ya mkoa ilisikia. Na mwezi Februari 2002 Radio Okapi ilianza kutangaza, Kisangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa. Kilokele hakimo katika orodha hiyo, wala hakikuwemo katika telegrafu. Kwa hiyo lililotokea kati ya ngoma na simu si pengo. Ni karibu miaka tisini ya mawasiliano yasiyo na waya yaliyofanyika hewani juu ya Walokele kwa lugha za wengine. Mtafiti anayeiita kuruka anaifuta historia hiyo, na pamoja nayo swali la nani aliyechagua lugha.

Haki itendeke kwa mkusanyiko wa 2009. Si kitabu cha ngoma, wala hakijidai kuwa hivyo. Makala ya Walter Gam Nkwi juu ya historia ya simu mjini Buea ni kazi ya nyaraka ya kuigwa, na ya Thomas Molony kuhusu biashara na safari nchini Tanzania inaonyesha kwamba simu haikuwaondoa watu njiani kama ilivyotabiriwa. Ludovic Kibora, akichunguza ujumbe mfupi wa maandishi katika jamii isimulizi ya Burkina Faso, ndiye anayekaribia zaidi suala la lugha. Lawama iko kwenye jina la kitabu. Jina hilo limeahidi ulinganisho, na wasomaji wa baadaye wameichukua ahadi kama hoja iliyokwisha kuthibitishwa.

Ulinganisho ukifanywa, jambo la kwanza linaloonekana ni bei. Njia ya ngoma ni nyembamba kupindukia, toni mbili tu, lakini muda wake ni bure. Ndiyo maana lugha ilirefushwa. Njia ya simu ni pana, inabeba sauti yote ya mtu hata kikohozi chake, lakini kila sekunde ina bei. Ndiyo maana lugha inafupishwa. Inafupishwa hadi kutoweka. Jonathan Donner, katika makala yake ya mwaka 2007 iliyotokana na utafiti nchini Rwanda, alieleza kanuni za kubipa, yaani kupiga simu na kukata kabla haijapokelewa. Alitofautisha bipu ya kuomba upigiwe, bipu yenye maana iliyoafikiwa mapema, na bipu ya kumkumbusha mpendwa au rafiki kwamba yupo moyoni. Ni makala fupi yenye jicho kali, na ina thamani kuliko ripoti nyingi nene, kwa sababu Donner aliiona kanuni ya adabu pale ambapo makampuni ya simu yaliona hasara tu. Atakayeisoma akiwa na Carrington mkononi ataona ajabu moja. Walokele walitumia maneno manane mahali pa moja. Anayebipa anatumia sifuri.

Bipu, basi, si ngoma isemayo. Kiswahili kina jina la ndugu yake halisi, nalo ni mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia, husemwa, ina jambo; lakini pembe haisemi ni jambo gani. Humtaka mtu aende barazani akasikie. Hiyo ni ishara, na maana yake imewekwa nje yake, katika mapatano ya watu. Ngoma ya Walokele ni usemi kamili, unaoweza kutangaza msiba ambao hakuna aliyeutarajia, kumtaja marehemu, na kumwita mtu mmoja kati ya vijiji kumi. Kutofautisha ishara na usemi ni somo la mwaka wa kwanza wa isimu. Sitiari ya ngoma imelifuta, na labda wa kulaumiwa kidogo ni Kiswahili chenyewe, ambacho kwa ukarimu wake hutumia kitenzi kimoja kwa yote: ngoma hupigwa, mbiu hupigwa, na simu hupigwa.

Baada ya bei, kuna herufi, na hapa suala linatoka kwenye sitiari na kuingia katika haki ya lugha. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya baiti 140. Kikomo cha herufi 160 kinahusishwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 mjini Bonn alichapa sentensi za kawaida kwa taipureta, akahesabu herufi zake, na kuridhika kwamba zinatosha. Ili 160 zitoshee katika baiti 140, kila herufi ilipewa biti 7, na biti 7 haziwezi kuonyesha zaidi ya alama 128. Ilibidi kuchagua. Jedwali lililokubaliwa lina é na è za Kifaransa, lina ò na ù za Kiitalia, lina alama za Kidenmaki na za Kijerumani, na herufi kubwa za Kigiriki. Halina á. Halina í, ó wala ú. Mtumaji akiingiza hata moja ya alama hizo, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji, kila herufi huchukua biti 16, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Wala mwalimu wa Kifaransa anayeipenda ê yake hasalimiki.

Alama zilizokosekana ndizo hasa zinazotumiwa na wanaisimu kuandika toni ya juu katika lugha za Kibantu. Maana yake ni kwamba mtu wa Yakusu anayetaka kutofautisha dimbwi, ahadi na sumu kwa maandishi hulipa zaidi ya mara mbili ya yule asiyejali. Bila shaka wengi hawazijali. Huandika bila toni na kuutegemea muktadha. Lakini muktadha ndio huohuo ambao ngoma iliujenga kwa virai, na ambao herufi 160 hazina nafasi ya kuujenga. Lugha imenyimwa toni na imenyimwa ziada kwa wakati mmoja. Hakuna mpiga ngoma ambaye angekubali masharti hayo.

Isidhaniwe kwamba jedwali lile liliwekwa na maumbile. Kuanzia mwaka 2008 liliongezewa majedwali ya pembeni kwa ajili ya Kituruki, Kihispania na Kireno, na baadaye kwa lugha kadhaa za Uhindi. Uturuki haikuomba kwa unyenyekevu. Ilitumia sheria zake za mawasiliano. Katika orodha hiyo hakuna lugha hata moja ya Afrika kusini ya Sahara. Ni vigumu kulilaumu shirika la viwango kwa kutojibu dai ambalo halikuletwa.

Kiswahili hakikudai, kwa sababu hakikuumia. Si lugha ya toni. Mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubishi, na tahajia yake haina alama hata moja juu ya herufi. Kinakaa ndani ya biti 7 kana kwamba jedwali lilichorwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyohiyo hakiwezi kupigwa kwenye gogo: kikivuliwa konsonanti na vokali, hakibaki na kitu cha kumwambia msikilizaji. Kisangani ni mji wa Kiswahili na Kilingala tangu enzi za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa maporomoko mwaka 1887, na tangu enzi za askari na meli za Wabelgiji; Nico Nassenstein, katika maelezo yake ya Kiswahili cha mji huu yaliyotoka mwaka 2015, anaonyesha jinsi wasemaji wanavyochagua kati ya lugha kulingana na mahali na mtu. Uchaguzi huo hufanyika sasa pia kwenye kioo cha simu. Kupanuka kwa Kiswahili katika maandishi ya simu hapa huelezwa kwa biashara, kwa vita vya 1998 hadi 2003 vilivyoufunga mji na mashariki, na kwa muziki. Yote ni sababu nzuri. Sababu ya biti 7 haitajwi, na ingawa labda si kubwa kama hizo nyingine, ni ya pekee ambayo mtu anaweza kuipima hadi herufi ya mwisho.

Wataalamu wa Kiswahili wenyewe wamekuwa na shughuli nyingine. Nguvu nyingi zimetumika katika majina ya vyombo: kompyuta au tarakilishi au ngamizi, simu ya mkononi au rununu. Kazi ya istilahi ina faida yake, na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulionyesha kwamba majina yakiwekwa kazini watu huyakubali. Lakini majina ya vyombo hayatoshi kuendeshea semina ya uhandisi. Anayetaka kueleza kwa Kiswahili jinsi mawimbi yanavyogongana, jinsi pakiti mbili zinavyoharibiana hewani, au kwa nini biti za kinga huongezwa, bado hutunga njiani. Wasemaji wa Kisangani hawakungoja. Wana rezo, wana inite, wana kubipa, maneno yaliyotwaliwa kutoka Kifaransa na kuvishwa viambishi bila kuomba kibali cha baraza lolote. Hata neno simu lina kichekesho chake. Linatokana na Kiajemi, ambako sim ni waya, hivyo mwanafunzi anayeandika juu ya simu isiyo na waya anaandika juu ya waya usio na waya. Wazee wa pwani waliokutana na telegrafu ya mawimbi waliiita simu ya upepo, na ni hasara kwamba wanaistilahi hawakuliendeleza jina hilo.

Mgawanyo wa kazi kati ya watu wa lugha na watu wa mitambo una historia yake hapa. Chuo kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, masomo ya lugha na fasihi yakakusanywa Lubumbashi, na sayansi zikaachwa Kisangani. Muungano huo ulivunjwa mwaka 1981, lakini tabia za kitaaluma hudumu kuliko amri. Mwaka huohuo wa 1971 Carrington alikuwa akiwaeleza wasomaji wa Marekani kwamba lugha na chombo haviwezi kutenganishwa. Tasnifu za mawasiliano yasiyo na waya huhesabu minara, nguvu za mawimbi, eneo lililofikiwa na bei ya megabaiti. Tasnifu za lugha hukusanya maneno mapya ya vijana. Ni nadra moja kuisoma nyingine.

Itapingwa kwamba suala la herufi linapitwa na wakati, kwa kuwa programu za ujumbe zinazotumia intaneti hupokea alama yoyote na hazihesabu hadi 160, na zaidi ya hayo hubeba sauti iliyorekodiwa. Pingamizi hili lina uzito. Ujumbe wa sauti huirudisha toni yote mahali pake. Mama wa Isangi anaweza kumtumia mwanawe Kilokele kisichopungukiwa na chochote, na hahitaji kujua kusoma. Yumkini ni jambo kubwa zaidi lililowahi kuzitokea lugha za mto huu tangu simu ilipofika. Lakini simu za vibonye bado ziko mikononi mwa watu wengi, arifa za pesa za simu bado hupita katika ujumbe mfupi, na ujumbe wa sauti, kwa kuwa hauachi maandishi, haumo katika takwimu za watafiti wanaokusanya matini. Lugha zinazosemwa tu zitaendelea kuonekana hazipo kwa yule anayehesabu zinazoandikwa, na programu zinazotengenezwa kutokana na hesabu hizo zitafuata njia hiyohiyo.

Utafiti unaohitajika si wa gharama kubwa. Virai vya ngoma vilivyokusanywa na Carrington vinaweza kupimwa upya kwa vipimo vya Shannon, ijulikane kila kirai kinabeba ziada kiasi gani na kama mara 8 ilikuwa lazima au desturi. Arifa za benki na za kampuni za simu zinaweza kuandikwa kwa Kilokele, Kikumu na Kimbole kwa toni kamili, kisha kuhesabiwa ni ngapi zinavuka herufi 70. Wapigaji wazee waliobaki wanaweza kusikilizishwa ujumbe wa sauti wenye kelele, kuona kama masikio yaliyolelewa na virai hutambua zaidi kuliko mengine. Kila mojawapo inahitaji mtu wa isimu na mtu wa mawimbi wakae meza moja. Kazi ya kwanza ya meza hiyo ingeweza kuwa majina ya watu. Jina la ngoma la Mlokele huunganisha jina lake mwenyewe, la baba yake na la kijiji cha mama yake, ili asiitwe mwingine mahali pake; orodha ya majina ya simu hukata popote nafasi inapokwisha, na hakuna anayejua ni nani waliobaki upande wa pili wa mkato huo.